Chumba cha ndani, roshani au suiti? Nilivyomchagulia Mama chumba kwenye meli ya kitalii ya Galveston

Nililipa ili kupanda kutoka chumba cha ndani kisicho na dirisha kwenda chumba chenye roshani, nikakataa kupanda tena kwenda suiti, yaani chumba kikubwa cha daraja la juu. Kwa safari ile, na kwa mtu niliyekuwa naye, pesa ya kwanza ilikwenda pahali pake, na ya pili ingekwenda na maji. Nayasema haya nikiwa mwanamke wa Kizanzibari aliyesafiri na mama yake mtu mzima. Kama wewe ni kijana unayelala saa nane za usiku na mchana wote uko bwawani, hesabu yako ni nyingine, nitaigusa mbele.

Meli ilikuwa ya mojawapo ya kampuni kubwa zinazotoka bandari ya Galveston, Texas, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka ninapoishi Houston. Safari ya siku 7: unashuka Ghuba ya Meksiko, unapita Roatán ya Honduras, halafu Costa Maya na Cozumel upande wa Meksiko, kisha unarudi ulikotoka. Tiketi tuliikata mimi na mume wangu, chumba cha ndani, cha bei ya chini kabisa, na kwa sisi wawili kilitutosha. Kazini kwake wakamnyima likizo. Mama alikuwa amekuja kunitembelea kutoka nyumbani, na kwa kuwa malipo ya mwisho yalikuwa bado, kampuni ikakubali jina lake liingie badala ya la mume wangu. Hapo ndipo suala la chumba lilipoanza upya.

Mama ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Bahari anaijua kuliko mimi. Lakini tangu meli ya Spice Islander izame nje ya Nungwi ikielekea Pemba, Septemba 2011, na Skagit ifuatie karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, Julai 2012, Mama hakai chini kwenye boti. Atakaa juu, karibu na mlango, apigwe na upepo na maji ya chumvi, lakini aone anakokwenda. Nilipomwambia kuwa chumba chetu hakina dirisha alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Na usiku tukiambiwa tutoke, mwanangu, nitaujuaje mlango?"

Swali lile lilinitosha. Chumba cha ndani ni kiza kitupu, na ukizima taa hujui kama ni saa sita za mchana au za usiku. Wapo wanaokipenda kwa hilo hilo, hasa watu wa zamu za usiku kama mimi, na kuna ujanja wa kuwasha televisheni kwenye kamera ya omo, yaani mbele ya meli, bila sauti ili alfajiri mwanga uingie kupitia kioo cha televisheni. Baadhi ya meli mpya zimeufanya ujanja huo kuwa sehemu ya chumba. Royal Caribbean, kwa mfano, tangu mwaka 2014 imeweka kwenye vyumba vya ndani vya baadhi ya meli zake skrini ndefu, kutoka sakafuni hadi darini, inayoonyesha bahari ya nje muda ule ule. Kwa mtoto ni raha. Kwa mtu anayetaka kuona maji kwa macho yake, skrini ni skrini.

Sasa hapa wengi hawaambiwi: kupanda kutoka chumba cha ndani kwenda cha roshani mara nyingi hakukupi chumba kikubwa zaidi. Carnival kwenye meli zake kadhaa huandika futi za mraba 185 kwa chumba cha ndani na 185 hizo hizo kwa chumba cha roshani, kisha roshani yenyewe kama futi 35. Yaani kitanda ni kile, bafu ni lile, kabati ni lile. Ulichonunua ni ukuta mmoja kugeuzwa kioo na nafasi ya viti viwili na kimeza nje. Ukitaka chumba chenyewe kikue unapaswa kufika kwenye suiti ndogo, ambazo kwenye meli nyingi ni kama futi 270 hadi 300. Ndiyo maana naona neno "kikubwa" kwenye matangazo lingefuatwa na swali: kikubwa ndani, au kikubwa pamoja na roshani? Muulize wakala, akupe namba mbili mbalimbali.

Tofauti ya bei kwetu ilikuwa dola 260 kwa kila mtu, 520 kwa wote wawili, sawa na kama dola 74 kwa usiku. Si pesa ndogo. Niliilipa siku ile ile, lakini si kwa chumba cha kwanza walichonitajia.

Chumba cha kwanza kilikuwa mbele kabisa, sitaha ya juu, na yule aliyenipigia simu alikisifia kwa mandhari. Mandhari ilikuwepo kweli. Ila meli inapokutana na mawimbi, omo na tezi (nyuma ya meli) ndizo zinazopanda na kushuka, na juu ndiko kunakoyumba zaidi. Katikati, chini chini, ndipo penye utulivu. Mabaharia wetu husema enda tezi, enda omo, marejeo ni ngamani (tumboni mwa chombo), na anayechafukwa roho baharini hana ushauri bora kuliko huo. Mama akishaanza kuchafukwa roho, siku hiyo hali wala hanywi. Nimemwona hivyo tangu utotoni kwenye mkondo wa Pemba. Kumlipia dola 520 akalale omoni juu kungekuwa kumnunulia maradhi.

Chumba cha pili kilikuwa katikati, lakini nilipofungua ramani ya sitaha nikaona juu yake ni bwawa la kuogelea na viti vyake. Kabla ya jua kuchomoza wafanyakazi huvipanga viti vile, na mguu wa kiti ukiburutwa kwenye sitaha ya mbao, aliye chini anausikia kichwani. Nikakataa. Cha tatu kilikuwa na vyumba juu yake, vyumba chini yake na vyumba pembeni, bila mlango wa kuunganisha na jirani (mlango ule hupitisha sauti hadi unasikia wanabishana nini), hatua chache kutoka lifti lakini si ukutani kwake. Magoti ya Mama yalihitaji lifti iwe karibu. Nikahakikisha pia hakiko juu ya mashua za kuokolea, maana kuna roshani nyingine ukichungulia chini huoni maji, unaona paa la rangi ya machungwa. Hicho ndicho nilichokichukua.

Upande nao nilichagua. Meli ikitoka Galveston inashuka kusini, kwa hiyo upande wa kushoto unatazama mashariki, na asubuhi za kwanza jua linachomoza mbele ya roshani yako. Ukirudi, upande huo huo unapata machweo. Hili halina malipo ya ziada. Ni kutazama tu ramani.

Baada ya hapo ndipo ikaja barua pepe ya mnada. Kampuni nyingi sasa zina utaratibu huu: wanakuambia weka dau lako kwa chumba cha juu zaidi, na kipimo kwenye skrini kinakuonyesha dau lako ni dhaifu au lina nguvu. Kwetu, dau la chini kabisa kwa suiti ndogo lilikuwa dola 400. Soma vizuri: 400 kwa kila mtu. Kwa watu 2 ni 800, kama dola 114 kwa usiku juu ya zile tulizokwisha kulipa. Kadi yako inakatwa wakikubali, hurudishiwi, na wanaweza kukubali siku chache tu kabla ya kuondoka. Kubwa kuliko yote, huchagui chumba. Unachagua aina, wao wanakupa namba. Kazi yote niliyoifanya ya kutafuta chumba cha katikati, chenye vyumba juu na chini, upande wa mashariki, ingefutika kwa barua pepe moja, na Mama angeweza kujikuta tezini juu ya mashine au omoni juu ya mawimbi, kwenye chumba kizuri, akiwa na ndoo kifuani.

Kwa mtu asiye na sharti lolote, mnada si mbaya. Kijana mwenye tumbo la chuma anaweza kuweka dau dogo na kusubiri bahati. Kwa mwenye magoti, mwenye kuchafukwa roho, mwenye mtoto mchanga au mwenye kuhitaji choo kisicho na kizingiti, nasema usiguse. Nunua chumba chenye namba.

Na suiti ina nini kingine? Foleni fupi ya kupandia, mtu wa kukuhudumia, kwenye baadhi ya meli mkahawa wa peke yenu, bafu lenye beseni la kuogea. Mama hangetumia hata kimoja. Foleni tuliiruka kwa kuomba kiti cha magurudumu bandarini, huduma ambayo haina malipo, na kijana aliyemsukuma alimwita "mama" kwa lafudhi yake ya Kifilipino hadi Mama akamwombea dua. Beseni la kuogea ni ukuta mwingine wa kuruka kwa mguu mbovu.

Sasa chumba chenyewe. Tuliingia kama saa saba za mchana. Vitanda vilikuwa vimeunganishwa. Nikamwomba mhudumu avitenganishe, akavitenganisha tulipokwenda kula. Hapo nafasi ya sakafu ikapungua: katikati ya vitanda unapita kwa ubavu, na sehemu pekee ya kutandika msala ilikuwa mbele ya kochi, kati ya kimeza na mlango wa roshani. Kimeza nikakisogeza bafuni mlangoni kila wakati wa sala. Ilitosha msala mmoja, kwa hiyo tulisali kwa zamu, au mmoja wetu alitoka nje. Mama alisali Alfajiri roshanini kwa kiti, akiwa na mtandio wake wa sala na shali juu yake kwa ajili ya upepo, na mimi nikasali ndani mlango ukiwa umefungwa. Kwenye chumba cha ndani cha ukubwa ule ule tungepata kijinjia tu cha kuelekea mlangoni, na kila mwenye kwenda chooni angeuruka msala. Hapo ndipo roshani ilipojilipa kwangu, hata kabla ya mandhari.

Kibla kilinisumbua kidogo siku ya kwanza. Dira ya simu ndani ya meli ya chuma haiaminiki. Nilizunguka chumbani na sindano ikazunguka vyake. Televisheni ina chaneli ya ramani inayoonyesha meli iko wapi na omo inaelekea wapi, hiyo ndiyo nikaitumia. Kutoka Ghuba ya Meksiko kibla ni kama kaskazini mashariki, na meli ikiwa inashuka kusini, kwetu ikawa kati ya mlango wa roshani na upande wa tezi. Kila kabla ya sala naitazama ramani, namwonyesha Mama kwa mkono.

Mambo mengine madogo ya chumbani. Kuta ni za chuma chini ya karatasi yake, kwa hiyo kulabu za sumaku zinashika. Nilibandika kulabu na kutundika mabaibui, taulo na mkoba wa dawa, na kabati likapumua. Masanduku yanaingia uvunguni. Majaketi ya kuokolea yalikuwa kwenye rafu ya juu ya kabati, na Mama aliniambia niyashushe, akalivaa la kwake, akafunga kamba mwenyewe, akalivua, akalirudisha. Kisha tukaenda kwenye kituo chetu cha kukusanyikia dharura ikitokea, kile ambacho herufi yake imechapwa kwenye kadi ya mlango, tukaonyeshwa pa kusimama na kadi zikasajiliwa. Sheria za kimataifa zinataka abiria wote wapitie zoezi hilo kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka. Zilikazwa baada ya meli ya Costa Concordia kupinduka Italia Januari 2012. Mama alimuuliza yule msichana wa kituoni, mimi nikitafsiri, ngazi ipi ni ya karibu kutoka chumbani kwetu. Tukaipanda na kuishuka ngazi ile pamoja, polepole, jioni ile ile. Usiku alilala.

Bafu ni dogo na halibadiliki ukipanda roshani. Mlangoni kuna kizingiti cha juu, na hicho ndicho kitu ambacho ningependa kila mwenye mzazi mzee ajue kabla ya kulipa. Mama alikivuka kwa kushika fremu ya mlango kila mara, na usiku niliacha taa ya bafu ikiwaka. Vyumba vya watu wenye ulemavu havina kizingiti na milango yake ni mipana, ila vimewekwa kwa wenye mahitaji hayo kweli, na ukiwa nayo ukiomba mapema unapewa bila kutozwa zaidi ya aina ile ile ya chumba. Mzee anayetumia kiti cha magurudumu siku zote, mwombee hicho, achana na suiti. Mlango wa roshani nao una kizingiti chake. Pazia la shawa linakugusa mwilini. Na hakuna bomba la kujisafishia chooni, kwa hiyo beba kopo lako. Mama alibeba la plastiki kutoka Darajani, na lilifanya kazi kuliko kifaa chochote kilichokuwemo chumbani.

Roshani yenyewe ni nyembamba. Viti viwili, kimeza, na magoti yako yanakaribia kugusa kioo. Kati yako na jirani kuna ubao tu, kwa hiyo mazungumzo yenu wote mnasikia. Kampuni kubwa za Kimarekani karibu zote zimepiga marufuku kuvuta sigara roshanini, lakini jirani yetu wa upande wa omo alivuta, moshi ukaingia hadi kwenye shali la Mama. Nikapiga simu mapokezi. Usiku wa pili bado. Nikapiga tena, wakamtuma mtu, ikakoma. Jambo jingine, ukiacha mlango wa roshani wazi kipoza hewa kinajizima na chumba kinakuwa na unyevunyevu kama forodhani mwezi wa Machi. Chagua upepo au baridi, huwezi kupata vyote.

Pamoja na hayo, ningemlipia tena. Tulipokuwa tunatoka kwenye mlango wa bandari ya Galveston, ndege aina ya mwari wakiruka chini kabisa ya usawa wetu, Mama aliona pomboo. Hakupiga kelele. Alinishika mkono na kunionyesha kwa kidevu, kama tunavyoonyeshana nyumbani. Walikuwa wanafuata maji yanayosukumwa na meli, mgongo unatokea, unazama, unatokea. Usiku wa kwanza tukaona taa za majukwaa ya mafuta ya Ghuba, moja moja mbali na nyingine, akaniuliza ni mji gani. Nikamweleza. Akataka kujua watu wa pale wanalala wapi, wanakula nini, wanarudi lini kwao. Tulikaa nje hadi saa sita, tukizungumza mambo ambayo kwenye simu ya Zanzibar na Houston hayazungumziki, ya marehemu baba na ya shamba la Wete. Mama hakuwa mtu wa kwenda kwenye maonyesho ya usiku wala kwenye kasino. Siku za baharini tupu, meli ikiwa haijatia nanga popote, alikaa chumbani saa nyingi kuliko abiria yeyote ninayemfahamu. Kwa mtu wa namna hiyo chumba ndiyo safari.

Ndiyo maana naona swali la kwanza si bei ya chumba, ni nani atakaa humo, saa ngapi kwa siku, na anafanya nini akiwa humo. Mimi na mume wangu, tukienda, tutarudi chumba cha ndani bila kusita, maana sisi tunaingia chumbani kulala tu, na tofauti ile tutaitumia bandarini. Kwa Mama, zile dola 800 za suiti ambazo sikuzitoa zilitupatia Cozumel gari la peke yetu lenye kipoza hewa na dereva aliyekuwa na subira naye kwenye kila ngazi, samaki wa kukaanga ufukweni, na nyingi zikabaki.

Jambo moja la bei kabla sijamaliza. Kama umelipa amana tu na malipo ya mwisho hayajafika, endelea kuitazama bei ya chumba cha roshani. Ikishuka, piga simu uombe upewe bei mpya. Hapa Marekani kampuni nyingi hukubali hadi tarehe ya malipo ya mwisho, ambayo kwa kawaida huwa kama miezi mitatu kabla ya safari. Ikishapita tarehe hiyo, unabaki na mnada na simu za matangazo.

Mdogo wangu anayeishi Dallas anapanga kwenda na mumewe na watoto wao 2 na ameniuliza kuhusu suiti ya watu 4. Nimemwambia apige hesabu ya vyumba 2 vya ndani vyenye mlango wa kati. Mara nyingi vinakuja chini ya bei ya suiti moja, watoto wanalala gizani hadi wachoke wenyewe, na asubuhi familia ina mabafu 2. Na aombe namba za vyumba vyote viwili, avitazame kwenye ramani ya sitaha, ndipo atoe namba ya kadi.